Mlio Usiojulikana Katika Pikipiki Iliyokwisha Tumiwa

Wasomaji wa upande wetu wa Kisii hawana haja ya kuambiwa pikipiki ni kitu gani. Tangu mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilipolegeza kodi ya pikipiki ndogo za chini ya cc 250, vyombo hivi vimeenea kila kijiji, na hapa kwetu Nyakoe, katika njia kuu itokayo Kisii kwenda Oyugis na Kisumu, utaziona asubuhi zimepangwa kando ya barabara, kila moja na mwenyewe akiita abiria. Zachukua ndizi, zachukua majani ya chai, zachukua wagonjwa usiku, na mara nyingine zachukua kitanda kizima na mwenye kitanda akiwa ameketi juu yake. Lakini kila kilicho kipya huwa kikuukuu, na kwa kuwa bei ya pikipiki mpya imewashinda wengi wetu tuishio kwa mshahara au kwa shamba, twanunua zile zilizokwisha tumiwa na wengine. Hapo ndipo yanapoanza maneno ninayotaka kuwaeleza.

Mimi ni karani katika ofisi moja ya Serikali hapo Kisii mjini. Mwezi wa Novemba mwaka 2023 nilipatana na mama mmoja mjane, jirani yetu wa upande wa pili wa kijito, nikanunua pikipiki ya marehemu mumewe kwa Shs. 62,000. Nilimpa Shs. 45,000 siku ile ile mbele ya mashahidi wawili, na Shs. 17,000 zilizobaki tukaandikiana kwamba nitazilipa kabla ya mwisho wa Desemba, maana mtoto wake alikuwa ataingia kidato cha kwanza mwezi wa Januari na fedha hizo ndizo alizokuwa akizitegemea. Shauri langu lilikuwa hili: mimi niende nayo kazini asubuhi na kurudi jioni, na Jumamosi na siku za likizo mdogo wangu, ambaye amemaliza shule na hana kazi, achukue abiria nayo, tupate kuurudisha mkopo niliouchukua katika chama chetu cha akiba.

Siku niliyokwenda kuitazama nilifanya kosa ambalo nataka kila msomaji alijue. Nilifika saa nne ya asubuhi, nikakuta injini imekwisha pata moto, kwa sababu kijana wa yule mama alikuwa ametoka kuteka maji nayo. Nikaiwasha, ikalia vizuri, nikaipanda mara mbili hadi barabarani, nikaridhika. Mtu anunuaye pikipiki iliyokwisha tumiwa yampasa afike mapema, aguse injini kwa kiganja, na kama ni ya moto, aende zake arudi kesho. Kuna milio isikikayo injini ikiwa baridi tu, na kuna mingine ambayo haitoki ila injini imekwisha kwenda robo saa. Atakaye kuijua injini hana budi kuisikiliza tangu kiki ya kwanza hata iwe moto kabisa.

Juma la kwanza halikuwa na neno. Juma la pili, nikiwa nimesimama penye soko la Daraja Mbili nikimngoja mtu, injini ikiwa inazunguka polepole, nikasikia mlio kutoka chini ya miguu yangu: ko, ko, ko, kama mtu agongaye mlango wa mbao kwa kifundo cha kidole. Nilipoongeza gesi kidogo ukapotea. Nilipoiachia ghafula ukarudi kwa nguvu, kisha ukatulia katika ko, ko yake ile ile. Nikarudi nyumbani bila kumwambia mtu, nikidhani labda ni jiwe limenaswa mahali. Hata kesho yake mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, hiyo pikipiki yako inagonga nini?"

Sitaki kuwachosha kwa maoni yote tuliyopewa pale stendi ya Nyakoe, maana kila mwendesha bodaboda ni daktari. Mmoja alisema ni cheni. Mwingine akasema ni klachi. Wa tatu akatushauri kutia mafuta mazito zaidi, nami nikakumbuka kwamba hiyo ndiyo hila ya baadhi ya wauzaji: hutia mafuta mazito ya injini kubwa ili kuzima mlio mpaka mnunuzi aondoke. Neno hilo likanichoma moyoni. Nikaanza kufikiri juu ya ile injini iliyokuwa ya moto asubuhi ile, na yale maji yaliyotekwa.

Tukaipeleka kwa fundi kijana mwenye kibanda kando ya barabara. Akaiwasha, akaisikiliza kwa muda usiozidi ule wa kuwasha sigara, akaizima akasema, "Mkubwa, hii ni krenki. Mkono wa pistoni umekwisha." Akaandika katika karatasi: krenki, pistoni na ringi, gasketi, mafuta na kazi yake, jumla Shs. 14,500. Akasema tukiendelea kuiendesha mkono utakatika, utatoboa tumbo la injini, na hapo hata Shs. 14,500 hazitatosha. Kwa hilo la mwisho hakudanganya. Beringi ya chini ya mkono wa pistoni ikifa, injini yaweza kuvunjika namna hiyo hiyo.

Usiku ule mdogo wangu alikuwa mkali. Alitaka twende kwa naibu wa chifu, yule mama aitwe, arudishe fedha zote. Mimi nikasema tungoje, lakini nakiri kwamba nilifanya jambo baya zaidi kuliko hilo. Siku ya Jumapili nilimkuta yule mama njiani, nikamwambia mbele za watu kwamba Shs. 17,000 sitazitoa mpaka nijue aliniuzia nini. Hakunijibu. Alinitazama tu, kisha akaenda zake na watoto wake.

Sasa nitawaeleza jinsi tulivyoitafuta sauti ile, maana hapo ndipo penye faida kwa wengine. Mimi si fundi. Lakini katika shule ya misheni niliyosoma, mwalimu wetu wa sayansi alituzoeza jambo moja: kabla ya kuitaja sababu ya kitu, andika kwanza kitu chenyewe kinatokea lini, na lini hakitokei. Nikachukua daftari, nikagawa ukurasa mara mbili, na kwa siku tatu nikaandika. Injini ikiwa baridi: mlio upo, lakini mdogo. Ikiwa moto: mkubwa zaidi. Ikizunguka polepole: upo. Ikienda kwa mwendo wa namna moja: hausikiki. Ikipanda mlima imebeba watu wawili: hausikiki, lakini nguvu imepungua, na gia ya tatu haivuti mahali ilipokuwa ikivuta. Kuachia gesi ghafula: wazidi. Kuvuta klachi: hakuna badiliko. Na jambo jingine ambalo nilikuwa sikulifikiria kuwa ni la maana: asubuhi, mara moja au mbili katika kumi, kiki ilirudi nyuma na kunipiga unyayo.

Karatasi hiyo peke yake ilikuwa imekwisha kutuondolea mashaka mengi. Mlio wa klachi hubadilika au hunyamaza unapovuta mkono wa klachi, na wetu haukubadilika. Cheni ya nyuma haiwezi kulia pikipiki ikiwa imesimama. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda hupiga injini ikiwa baridi, kisha ikipata moto hutanuka na mlio hupungua, na wetu ulifanya kinyume chake. Tena beringi ya chini ya mkono wa pistoni hugonga zaidi injini inapobebeshwa mzigo, kama vile kupanda mlima, kwa maana hapo ndipo moto wa petroli unapoisukuma pistoni kwa nguvu zote. Wetu ulinyamaza mlimani. Fundi kijana hakuwa ameipanda pikipiki hata hatua moja, basi angalijuaje?

Kuna mgongo mwingine usikikao mlimani tu, mkali na mwembamba, kama kokoto katika kopo, nao hutokana na petroli kushika moto vibaya ndani ya silinda. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huleta mlio huo, kwa sababu mafuta ya taa hayavumilii kubanwa kama petroli. Kwa ajili ya udanganyifu huo Serikali ilitoza mafuta ya taa kodi ya Shs. 18 kwa lita mwaka 2018, ili isiwe faida tena kuyachanganya. Mtu asikiaye mlio wa namna hiyo na anunue petroli mahali pengine kwanza, kabla ya kumruhusu mtu yeyote kufungua injini. Lakini huo haukuwa wetu.

Jumamosi tukaanza kazi. Jambo la kwanza lilikuwa mafuta. Tulipasha injini moto kidogo, tukayamwaga mafuta yote katika karai safi kupitia kitambaa cheupe, kisha tukakianika kitambaa juani na kukitazama. Beringi ikisagika, chuma chake hakina pa kwenda ila katika mafuta, nawe utaona vipande vidogo ving'aavyo kama magamba ya omena. Sisi tuliona uchafu mweusi tu, ule wa kawaida, bila chuma. Tukapitisha sumaku ndogo ya redio mbovu chini ya karai, haikuvuta kitu. Nilianza kupumua.

La pili lilikuwa kujua mlio watoka wapi. Mafundi wa zamani hutumia bisibisi ndefu: ncha yake waiweka juu ya injini, na mpini waushikamanisha na mfupa ulio mbele ya sikio. Sauti hupita katika chuma upesi kuliko katika hewa, na kila mahali pa injini hujisemea penyewe. Mwenye kufanya hivyo ajihadhari na bomba la moshi, na afunge shati lake lisinaswe na cheni. Tulipoiweka ncha juu kabisa, penye valvu, tulisikia tiki tiki nyepesi kama ya cherehani. Katikati ya silinda palikuwa kimya. Upande wa kulia, penye klachi, ngurumo laini ya gia. Upande wa kushoto, chini, penye kifuniko cha sumaku iwashayo moto wa plagi, mdogo wangu aliruka. "Kaka, iko hapa! Imenipiga meno!"

Hapa inafaa nieleze njia moja ya kupambanua milio, maana sijaiona ikielezwa kwa Kiswahili. Injini za pikipiki zetu nyingi ni za mipigo minne. Yaani krenki huzunguka mara mbili ndipo moshi utoke mara moja. Valvu nazo hufunguka mara moja tu katika mizunguko hiyo miwili, kwa hiyo injini ikizunguka mara 1,400 kwa dakika, kila valvu hupiga mara 700. Hakuna awezaye kuhesabu hayo kwa sikio, lakini ukipunguza mwendo mpaka injini inakaribia kuzimika, na mtu akaweka kiganja nyuma ya bomba, si karibu sana, ataona pumzi za moshi zikija moja moja. Kama mlio waja mara moja kwa kila pumzi, utafute katika valvu, au katika gasketi ya bomba la moshi, ambayo ikivuja hulia tiki tiki na kumdanganya hata fundi hodari, ila huacha masizi meusi pale inapopumulia. Kama waja mara mbili kwa kila pumzi, utafute katika krenki au kitu chochote kilichofungwa juu yake. Wetu ulikuwa mara mbili.

Basi fundi kijana alikuwa karibu na kweli, naye alikosa. Krenki ilihusika, lakini si pale aliposema.

Hata hivyo sikuthubutu kufungua kifuniko peke yangu, nikamwendea mzee mmoja wa hapa kijijini ambaye zamani alikuwa fundi wa mashine za kusaga nafaka. Macho yake hayaoni vizuri sasa, lakini masikio yake ni mazima. Nikamsalimu, "Bwakire," nikamweleza habari yote na kumsomea daftari langu. Aliposikia habari ya kiki kurudi nyuma akacheka. "Mwanangu," akasema, "hilo ndilo ungeniambia kwanza, mengine ungeniachia."

Akafafanua hivi. Moto wa plagi hauna budi kutoka kwa wakati wake, mapema kidogo kabla pistoni haijafika juu. Wakati huo huamriwa na lile gurudumu zito la sumaku lililofungwa mwishoni mwa krenki. Gurudumu likisogea mahali pake hata kidogo, moto hutoka mapema mno au umechelewa. Ukitoka mapema mno wakati wa kupiga kiki, pistoni hurudishwa chini kabla haijafika juu, na kiki hukupiga mguu. Ukichelewa, nguvu hupungua mlimani. Mambo hayo mawili pamoja na mlio wa kugonga upande wa kushoto, mzee alisema, ni mashahidi watatu wasiojuana wanaosema neno moja.

Tukakifungua kifuniko mbele yake. Katika injini hii sehemu hiyo ni kavu, haina mafuta. Mzee akatuagiza tutie gia ya nne, mdogo wangu akanyage breki ya nyuma kwa nguvu ili krenki isizunguke, nami nilishike gurudumu la sumaku kwa mikono miwili nilitikise kushoto na kulia. Likasogea! Si sana, labda unene wa ukucha, na kila liliposogea lilisema ko. Mlio ule ule ulioninyima usingizi nikawa nao mikononi. Nati ya katikati ilifunguka kwa spana bila kutumia nguvu, na nyuma yake pakamwagika unga mwekundu kama kutu iliyosagwa, ambao ndio alama ya vyuma viwili vilivyokuwa vikisuguana kwa muda mrefu.

Gurudumu lile halishikwi na nati peke yake. Ncha ya krenki imechongwa nyembamba kuelekea mwisho kama muhogo, na tundu la gurudumu limechongwa vivyo hivyo, hata vikibanwa vyashikana kama kitu kimoja. Katikati yake huwekwa kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, ambacho mafundi hukiita kii. Watu wengi hudhani kii ndiyo izuiayo gurudumu lisizunguke, lakini kazi yake ni kuonyesha mahali tu. Nguvu yote i katika ule mbano wa vyuma viwili. Nati ikilegea, mbano hupotea, mzigo wote humwangukia yule mdogo asiyeuweza, naye hukatwa polepole. Yetu ilikuwa imekatwa nusu. Laiti tungaliendelea mwezi mmoja, gurudumu lingalizunguka huru juu ya krenki na pengine kuiharibu ncha yake, na hapo ndipo tungaliinunua krenki kweli.

Kulitoa gurudumu kuna chombo chake, ambacho hufungwa kwa hesi katikati na kulivuta taratibu. Mzee alikataza nyundo kabisa, maana sumaku hupasuka, na krenki hupinda. Tulikiazima chombo hicho mjini. Tukazisafisha ncha na tundu kwa petroli, tukazisugua moja juu ya nyingine kwa uji wa kusagia valvu, kidogo tu, mpaka zikagusana pande zote, tukafuta kila alama ya uji na mafuta. Kii mpya iligharimu Shs. 50, washa ya kukaza Shs. 20. Kwa kukaza nati yenyewe tulimlipa fundi mwingine mwenye spana ya kipimo Shs. 500. Mzee hakutaka fedha, akapokea kilo mbili za sukari.

Wakati ule ule tulitazama na nafasi za valvu. Kazi hiyo hufanywa injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi kabla haijawashwa, na pistoni ikiwa juu katika mpigo wa kubana. Vipimo hutofautiana, kwa hiyo afadhali kufuata kitabu cha pikipiki yenyewe, lakini katika injini nyingi ndogo ni sehemu chache tu za mia za milimeta, kama 0.05 hadi 0.10. Mafundi wengi wa njiani hukaza mpaka pasisikike kitu, na wenye pikipiki hufurahia ule ukimya. Ni furaha ya hasara, kwa maana valvu isiyopata nafasi haifungi sawasawa, moto hupenya, nayo huungua. Tiki tiki nyepesi iacheni.

Tuliiwasha saa kumi ya jioni. Nilitega bisibisi mahali pale pale, sikusikia ila mvumo. Mdogo wangu akampakia rafiki yake, akaupanda mlima kwa gia ya tatu, akashuka, akaupanda tena bila sababu yoyote.

Sasa likabaki lile swali la mdogo wangu: ni nani aliyeilegeza nati? Nati ya namna ile hailegei yenyewe upesi ikiwa ilikazwa vizuri. Mtu alikuwa ameifungua. Tukarudia kutazama nyuma ya gurudumu, ambapo hukaa koili za umeme wa taa na wa plagi, na tukaona kwamba koili moja ni mpya kuliko nyenzake, na nyaya zake zimeunganishwa kwa mkono. Basi fundi fulani alikuwa amelitoa gurudumu ili abadili koili, na wakati wa kurudisha akaikaza nati kwa spana ya kawaida na nguvu za mkono wake. Pikipiki ilikwenda vizuri miezi mingi baada ya hapo. Hata mwenyewe asingalijua, sembuse mkewe.

Jumatatu jioni, baada ya kazi, nilitoa Shs. 17,000 katika simu, nikaziweka katika bahasha, nikavuka kijito. Ilikuwa tarehe 18 Desemba. Yule mama alikuwa akimenya mahindi uani, binti yake yu kando akisoma. Nikasimama, nikamwambia, "Mama, nimekukosea mbele za watu, nami nitasema mbele za watu hao hao kwamba nilikosea." Nikampa bahasha. Akazihesabu zote, noti moja moja, kama ipasavyo kuhesabu fedha za mtu aliyekwisha kukutilia shaka, kisha akampa binti yake azipeleke ndani.

Nikamweleza habari ya nati na ya koili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaingia nyumbani, akatoka na furushi dogo lililofungwa kwa gazeti kuukuu, akaniwekea mikononi. Ndani yake mlikuwa na koili iliyoungua, nyeusi upande mmoja, pamoja na risiti ya duka ya mwezi wa Machi, yenye mwandiko wa marehemu mumewe nyuma yake: jina la kitu, bei yake, na siku ilipofungwa.

"Baba," akasema, "alikuwa akiandika kila kitu. Ungaliniuliza, ningalikupa siku ile."

Kisha akaniuliza kama taa ya mbele inawaka vizuri sasa, maana ndiyo iliyokuwa ikimsumbua mumewe arudipo usiku. Nikamwambia inawaka.